Zege Lililolainishwa kwa Maji: Uchambuzi wa Kisa cha Neno "Smooth"

Majina ya watu, kijiji, wilaya na shirika lililohusika yameondolewa. Mfasiri wa kazi hii nilikuwa mimi, kwa hiyo sehemu kubwa ya lawama ni yangu.

Usuli

Shirika moja la maji na usafi wa mazingira liliniletea kijitabu cha kurasa 16 cha kuwafundisha mafundi wa vijijini namna ya kumwaga slabu za vyoo vya shimo. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza na mhandisi, na kilikuwa kizuri: sentensi fupi, michoro mingi, vipimo vyote vimetajwa. Slabu yenyewe ni ndogo, sentimita 60 kwa 60, ile inayotandikwa juu ya sakafu ya magogo na udongo ili mahali pa kukanyagia paweze kuoshwa.

Uso wa slabu hiyo una kazi. Sakafu ya udongo haioshiki, na mabuu ya safura hukaa kwenye udongo wenye unyevu na kuingia mwilini kupitia ngozi ya miguu. Zege lililoachwa na vishimo na mikwaruzo nalo hushika uchafu, na ufagio haufiki ndani. Kwa hiyo mhandisi alitaka slabu ambayo ndoo moja ya maji inaisafisha, na neno alilolitumia ni "smooth".

Alilitumia mara 3. Mara ya kwanza alizungumzia mbao za fremu: upande wa ndani uwe "smooth" ili zege lisinase. Mara ya pili ni kwenye kuchanganya: koroga mpaka mchanganyiko uwe "smooth". Mara ya tatu ni umaliziaji: uso wa zege uachwe "smooth".

Pamoja na kijitabu nilipewa faharasa ya shirika, faili la safu mbili. Kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Kwenye mstari wa "smooth" kuliandikwa "laini". Maelekezo ya kazi yalisema istilahi moja iwe na tafsiri moja kijitabu kizima, na programu ya tafsiri niliyotumia ililipaka rangi nyekundu kila neno lililokwenda kinyume na faharasa. Niliona sentensi ya tatu haikai vizuri, nikaitazama kama dakika mbili hivi, nikaenda na faharasa. Rangi nyekundu ikaondoka.

Iliyochapishwa ilisomeka hivi: "Koroga mpaka zege liwe laini." Na ukurasa uliofuata: "Malizia zege liwe laini."

Yaliyotokea

Kabla ya kuchapa, shirika lilifanya tafsiri rejeshi. Mtu mwingine alipewa Kiswahili changu akirudishe kwenye Kiingereza, ili ionekane kama maana imebaki. Alipofika kwenye "laini" aliandika "smooth". Kazi ikapita bila alama hata moja.

Mafunzo yalifanyika kwa siku mbili, kisha kila fundi akaenda kijijini kwake na kijitabu chake, mifuko ya saruji na fremu. Fundi tunayemzungumzia hapa ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote kwa umri, amejenga tangu ujana wake. Alimwaga slabu 9.

Zilipotolewa kwenye fremu zilionekana nzuri. Zilikuwa na ngozi ya juu inayong'aa kidogo, na waliozikagua siku hiyo walizipiga picha. Wiki chache baadaye mambo yakabadilika. Ukipitisha kiganja kinatoka na vumbi jeupe. Pembe zikaanza kumeguka. Slabu moja ilikatika mikononi mwa vijana wawili waliokuwa wanaibeba, na bahati ni kwamba ilikatika ikiwa juu ya nyasi, si juu ya shimo.

Taarifa ya kwanza kutoka kijijini ilikuwa ya mistari minne, na mstari wa tatu ulisema saruji inawezekana "imechakachuliwa". Anayejua maisha ya fundi kijijini anajua uzito wa neno hilo. Ni kusema mzee ameuza mifuko. Habari haikukaa kwenye taarifa tu. Nilipofika, mtoto wa dukani alinielekeza kwake kwa kusema, "Yule wa saruji?"

Maamuzi yaliyofanyika, na sababu zake

Msimamizi wa mradi, dada mmoja makini sana, alifanya uamuzi ambao naamini ndio uliookoa kisa hiki. Hakumwita mzee ofisini. Alikwenda kwake, akaomba kuona mifuko mitupu. Mzee alikuwa ameikunja na kuifunga kwa kamba nyuma ya banda la mbuzi, kwa sababu mifuko ya saruji ina kazi nyingi nyumbani. Ikahesabiwa. Ilikuwa yote.

Kwa hiyo saruji iliingia. Kilichobaki ni mchanga, kokoto, maji na mkono wa fundi. Mchanga ulikuwa wa mtoni na safi. Ndipo msimamizi akauliza kuhusu maji, na mzee akajibu bila wasiwasi kwamba aliongeza maji kwa sababu kitabu kimesema. Jioni hiyo nilipigiwa simu. Niliambiwa nije na nakala ya Kiingereza.

Tulikaa kwenye benchi nje ya nyumba yake. Nilimwamkia, akaitikia, akaingia ndani na kutoka na kijitabu. Ukurasa wa 9 ulikuwa na alama ya dole gumba la saruji, imekauka, pembeni mwa ile sentensi.

"Hapa mmeandika liwe laini," alisema. "Mimi nikajiuliza, zege nalilainisha na nini kama si maji? Hata mama watoto akitaka ugali uwe laini anaongeza maji. Nikaongeza. Ukurasa wa pili mkaandika tena, malizia liwe laini. Nikaona basi bado, nikaongeza tena."

Nikamuuliza kama hakujua kuwa maji mengi yanaharibu zege.

"Najua, mwanangu. Lakini kitabu kimetoka kwa wataalamu. Nikasema labda hii ni saruji ya aina nyingine."

Nikapitisha kiganja juu ya benchi, upande uliokuwa umesuguliwa na miaka ya watu kukaa, nikamwambia kilichotakiwa ni hiki, mkono upite bila kukwaruzwa. Alicheka mpaka akakohoa.

"Hilo si kulainisha. Hilo ni kupiga niru! Si mngesema?" Alimaanisha kusugua uso wa zege kwa mwiko wa chuma.

Kuanzia hapo tuliamua mambo matatu. Kwanza, slabu zote 9 zivunjwe na saruji mpya itolewe kwa gharama ya mradi, si ya fundi. Pili, msimamizi arudi kwenye mkutano wa kijiji na kusema wazi, mbele ya watu, kwamba kosa lilikuwa la kitabu. Tatu, vijitabu vilivyobaki visigawiwe, na maandishi mapya yaandikwe pamoja na mafundi watatu, akiwemo yeye. Shirika lilisita kwenye jambo la pili kwa sababu ya jina lake. Msimamizi alisimama nalo, na mkutano ulifanyika.

Neno lenyewe

Nilipaswa kufanya mapema kazi niliyoifanya baada ya aibu, yaani kuyafungua maneno yote mawili na kutazama yametoka wapi.

"Smooth" ni neno la zamani sana katika Kiingereza. Kabla ya mwaka 1100 lilikuwa na maumbo mawili: "smēðe", lililotumika zaidi, na "smōð", lililokuwa adimu. Lililosalia hadi leo ni lile adimu. Asili yake ya nyuma zaidi haijulikani. Lile umbo lililokufa limeacha kaburi lake London, kwenye mtaa wa Smithfield wenye soko kubwa la nyama. Wengi hudhani jina hilo linatokana na wahunzi, kwa sababu mhunzi kwa Kiingereza ni "smith". Sivyo. Ni uwanja uliosawazika. William Fitzstephen, aliyekuwa karani wa Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury, aliuelezea kwa Kilatini kwenye miaka ya 1170 kuwa uwanja ulio sawa kwa hali na kwa jina, na kila Ijumaa watu walikwenda pale kutazama farasi wanaouzwa.

Uwanja ule haukuwa mororo wala haukubonyea. Ulikuwa hauna vichuguu vya kumkwaza farasi. Hiyo ndiyo mbegu ya "smooth": njia haina kizuizi, iwe ni ya mguu, ya mkono au ya jicho. Kutoka hapo neno likaenda kwenye bahari iliyotulia, likaenda kwenye ulimi wa mtu anayesema bila kukwama, na katika karne ya 20 likampata mwanamume mtanashati wa maneno mengi, aliyeitwa "smoothie" kabla jina hilo halijahamia kwenye glasi ya matunda yaliyosagwa.

"Laini" imetoka upande mwingine kabisa. Ni Kiarabu, "layyin", na mzizi wake unahusu kitu kinachokubali kubonyea au kupinda. Msomaji wa Kurani anaukumbuka kwenye Surat Saba, aya ya 10, Mwenyezi Mungu anaposema juu ya Daudi kwamba alimlainishia chuma. Chuma kile hakikupigwa msasa. Kilifanywa kitii mkono. Na Musa na Haruni, katika Surat Taha, aya ya 44, wanaamriwa wamwambie Firauni maneno laini, yaani ya upole.

Kwa hiyo neno moja linapima uso, na lingine linapima mwili wa kitu. Kioo ni "smooth" na ni kigumu. Sufi ya mto ni laini, na hakuna Mwingereza atakayeiita "smooth".

Lakini nisijifanye mjanja kupita kiasi, kwa sababu Kiswahili hakikuishia kwenye Kiarabu. Katika Biblia ya Union, Luka 3:5 inasema "palipoparuza patalainishwa", na tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina "smooth" mahali hapo hapo. Hakuna msomaji anayefikiri kwamba njia ile ilimwagiwa maji. Kwa nini? Kwa sababu "palipoparuza" imetangulia. Kinyume chake kimetajwa, na "laini" ikajua isimame wapi.

Hapa ndipo nilipoelewa kosa langu hasa. "Laini" ya Kiswahili ina vinyume vingi, na maana yake inaamuliwa na kinyume kilichomo kichwani mwa msomaji. Mkono laini ni usio na sugu. Unga laini ni usio na chenga. Mchanga laini ni wenye punje ndogo. Sauti laini haikaripii. (Laini ya simu tuiache, hiyo ni neno jingine lililopanda daladala kutoka Kiingereza.) Na zege? Muulize fundi yeyote kinyume cha zege laini ni nini. Atakwambia zege gumu, zege kavu, lile linalokataa kukorogeka. Kwa fundi, "laini" iliyowekwa kando ya neno "zege" inahusu maji, na ilikuwa hivyo kabla sijazaliwa.

Niru nayo ina safari yake. Pwani na visiwani ni jina la tabaka la mwisho la chokaa laini kabisa linalosuguliwa ukutani mpaka ling'ae, na waashi wa magharibi mwa India wana umaliziaji wa aina hiyo wanaouita kwa jina linalokaribia kuwa lile lile. Saruji ilipoingia, jina likabaki na kazi ikabadilika malighafi. Mzee wetu wa bara, mbali na bahari, alikuwa nalo mdomoni tayari. Faharasa haikuwa nalo.

Maji yalifanya nini

Nilieleze hili kwa ufupi, maana mfasiri asiyelielewa ataona kosa langu kama ugomvi wa maneno tu. Saruji inahitaji maji ili ishike, lakini si mengi. Kwa uwiano wa nusu kwa uzito, mfuko wa kilo 50 unachukua lita 25, na kama mchanga una unyevu unapunguza. Maji ya ziada hayana pa kwenda. Mengine hupanda juu yakibeba saruji na punje ndogo ndogo, ndiyo ile ngozi inayong'aa siku ya kwanza na kutoa vumbi baadaye. Mengine hukauka ndani na kuacha vitundu vidogo vidogo, na slabu inakuwa dhaifu. Yaani slabu zile zilikuwa laini kwa maana zote za Kiswahili: zilimeguka, zilikatika, na siku ya kwanza ziling'aa.

Matokeo

Maandishi mapya hayana "laini" hata sehemu moja. Kwenye fremu tuliandika: "Piga randa upande wa ndani mpaka usikwaruze." Kwenye kuchanganya: "Koroga mpaka pasiwe na mabonge wala mchanga mkavu. Usiongeze maji zaidi ya kipimo." Kwenye umaliziaji: "Subiri maji ya juu yapotee, kisha sugua kwa mwiko wa chuma, upige niru. Zege likikauka, kiganja kipite bila kukwaruzwa na bila kutoka na vumbi."

Slabu zilizomwagwa upya na, baada ya kushika, kumwagiliwa maji kwa siku 7 ili zisikauke haraka, zilikaza vizuri. Mzee alirudishiwa jina lake. Kama alirudishiwa lote sina hakika, maana kijiji kina kumbukumbu ndefu kuliko mkutano.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Fundi mwingine, kijana, alilipenda neno niru kupita kiasi. Alisugua slabu yote, mpaka sehemu za kukanyagia, zikawa kama sahani. Bibi mmoja alikataa kukiingia choo hicho siku za mvua. "Mmenijengea utelezi," alisema, na alikuwa na haki. Mhandisi alipoulizwa akajibu kwamba michoro yake ilionyesha nyayo zilizoinuliwa na kuachwa na mikwaruzo. Kweli, ilionyesha, kwa vijistari vidogo ambavyo uchapaji ulivifuta.

Waingereza wenyewe wana neno la hali hiyo, "slick", ndugu wa "sleek". Yote mawili yalianzia kwenye kung'arishwa na kusuguliwa, ila "sleek" imebaki kwenye manyoya ya paka aliyeshiba, na "slick" imeishia kwenye barabara yenye mafuta na kwenye mfanyabiashara asiyeaminika. Nasi tuna "telezi", lenye picha ile ile ya mguu usioshika. Tuliongeza mstari mmoja: "Mahali pa kukanyagia pasipigwe niru."

Kilichofanya kazi, kilichoshindwa

Kilichoshindwa kwa uwazi zaidi ni kanuni ya istilahi moja, tafsiri moja. Kanuni hiyo ni nzuri kwa majina ya vitu: saruji ibaki saruji kila ukurasa, kokoto ibaki kokoto. Kwa vivumishi vya kugusa ni hatari, kwa sababu kivumishi cha namna hii hakina maana mpaka kishikane na nomino yake. Fremu, mchanganyiko na uso wa zege ni nomino tatu, na Kiswahili kina njia tatu za kuzieleza. Programu iliona neno moja la Kiingereza, ikadai neno moja la Kiswahili, nami nikaitii kama mtumishi.

Tafsiri rejeshi ilishindwa kwa namna ya kijanja zaidi. Ilipima kama "laini" inaweza kurudi kuwa "smooth". Inaweza! Haikupima kama fundi akiisoma atachukua mwiko au ndoo. Mtu aliyeirejesha alikuwa msomi wa mjini, na kinyume kilichokuwa kichwani mwake kilikuwa cha vipodozi: ngozi laini, nywele laini. Angepewa fundi asome kwa sauti na kuonyesha kwa mikono atakachofanya, kosa lingeonekana kabla ya chai ya saa nne.

Michoro nayo ilikuwa sahihi lakini haikukaa mahali pake. Mwiko ulichorwa ukurasa wa 10. Sentensi ya kwanza iliyompotosha mzee ilikuwa ukurasa wa 9.

Kilichofanya kazi ni kuhesabu mifuko kabla ya kumhukumu mtu, na kukaa na mzee bila haraka. Kwenye simu angenijibu "ndiyo, niliongeza maji", na taarifa ingeandika uzembe wa fundi. Neno niru lilikuja kwa sababu palikuwa na benchi la kupitishia kiganja.

Jambo moja sijalimaliza. Mzee alijua maji mengi yanaharibu zege, na bado alitii maandishi. Nimelifikiria hilo kuliko neno lenyewe. Katika toleo jipya niliomba ukurasa wa kwanza useme kwamba fundi akiona maelekezo yanapingana na ujuzi wake, asimame na kupiga simu. Shirika lilikubali, namba ikawekwa. Mpaka naandika haya imepigwa mara mbili, na mara zote mbili aliyepiga ni yeye.

Faharasa nimeirudisha ikiwa na mistari minne kwenye "smooth" badala ya mmoja. Nilijibiwa kwamba faili lao lina nafasi ya tafsiri moja tu kwa kila neno, nichague.